Kaseti Iliyokwama

Mimi sina subira na muziki mbaya, na sijawahi kuona haya kusema hivyo. Duka langu la kaseti pale Umoja, karibu na soko, lilikuwa na upana wa kitanda na nusu, lakini mwaka ule wa 1995 hakuna kaseti iliyotoka studio ya Maingi kabla mimi Kathini sijaisikiliza. Utaratibu ulikuwa hivi. Wanamuziki wakimaliza kurekodi, Maingi alitoa kaseti moja ya majaribio, ikafuatana na kadi moja. Vilianza kwangu, vikaenda kwa Mutie mwenye duka Buruburu, vikamalizikia kwa Luul, Msomali wa Eastleigh, na kila mmoja wetu aliandika "Ndiyo" au "La" na kutia sahihi. Zikifika La tatu, kaseti haitoki. Masta yake, ile tepu kubwa ya gurudumu inayobaki studio, inarekodiwa watu wengine juu yake, kwa kuwa tepu zile zilitoka ng'ambo na hazikupatikana kirahisi.

Mimi nilihitaji dakika tatu tu kuamua. Kuna wanaojivunia nywele, kuna wanaojivunia watoto. Mimi nilijivunia sikio.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano Kimeu, fundi wa mitambo wa studio, akaniletea kaseti ya ndugu wawili, Tobias na Jackton, wazee waliofanya kazi reli. Juu ya ganda mtu alikuwa ameandika majina ya nyimbo sita kwa kalamu ya wino, kwa mwandiko wa karani. Nikaitia kwenye deki. Gitaa likaanza kutembea polepole, likatembea, likatembea, na hakuna aliyeimba. Dakika ya pili karibu iishe ndipo mzee mmoja akafungua mdomo, na wa pili akamwitikia akiwa amechelewa, kama mtu aliyesinzia akashtuliwa. Wimbo wa pili ukaanza vilevile. Vijana wawili waliokuwa wakichagua kaseti za ragga wakatazamana.

"Mathe, hii ni ya matanga ama?" mmoja akauliza.

Sikungoja zaidi. Nikachukua kadi nikaandika: La. Wazee wakapumzike. Nikaweka sahihi yangu yenye mkia mrefu, nikacheka peke yangu kwa jinsi nilivyoiweka vizuri.

Halafu nikabonyeza deki itoe kaseti, ikakataa. Kifuniko kilikwama. Nikakivuta kwa kucha, nikakigonga kwa kiganja, nikakitukana kwa Kikamba. Sauti ilitoka sawasawa, kaseti ikifika mwisho inajigeuza yenyewe, ila mlango wake haukufunguka hata kidogo. Fundi wangu wa redio alikuwa amekwenda kwao Mwingi kwa mazishi na hangerudi hadi Jumamosi.

Jumanne Kimeu akaja kuchukua vitu vyake. Nikamwonyesha deki.

"Haitoki," nikasema. "Kama mpangaji asiyelipa."

"Sasa Mutie na Luul watasikiza nini?"

"Beba kadi. Kaseti nitaileta ikitoka."

Akaisoma kadi, akatabasamu kwa upande mmoja. "Sawa, Mama Mutheu. Ijumaa kuna kwaya inakuja na Maingi anatafuta tepu." Akaondoka na kadi mfukoni, na mimi sikuifikiria tena, kwa kweli sikuifikiria hata kidogo. Nilifikiria deki yangu.

Maana duka la kaseti likinyamaza watu hupita wakidhani limefungwa. Sikuwa na deki nyingine. Ikabidi nichague kati ya kimya na wale wazee wawili, nikachagua wazee. Jumanne nzima wakaimba. Kaseti ile ilikuwa ya dakika arobaini na tano, kwa hiyo kwa siku ya kazi ilizunguka zaidi ya mara kumi na mbili. Nduta, jirani yangu anayeuza mboga, alikuja mara tatu.

"Mama Mutheu, hao watu wako wanalalia gitaa. Si uzime hiyo kitu?"

"Nizime, wewe ndiye utaita wateja wangu?"

"Heri nikuitie."

Jumatano nilikuwa na hasira tangu kufungua. Nilifanya hesabu ya muda uliobaki hadi Jumamosi. Nikapanga rafu upya. Nikafuta vumbi lisilokuwepo. Na mahali fulani kabla ya chakula cha mchana niligundua kwamba mkono wangu ulisimama na kitambaa hewani, ukingoja. Ulikuwa wimbo wa kwanza, ule unaoitwa "Namba ya Mlango". Unahusu mzee wa reli aliyestaafu ambaye amesahau kila kitu isipokuwa namba ya nyumba ya kampuni aliyokaa. Tobias anaimba kwamba amesahau jina la mtaa, amesahau rangi ya basi, kisha gitaa linabaki peke yake kwa muda usiovumilika, halafu ndipo Jackton anaingia. Jumatatu nilidhani amechelewa. Jumatano nikasikia kwamba hakuchelewa. Alikuwa anamsubiri kaka yake amalize kusahau.

Nikaketi. Nilikasirika, na safari hii sikujua ninamkasirikia nani.

Kuanzia hapo sikupata raha. Nyimbo nilizozidharau zilianza kuniwahi. Nilikuwa nikijua kinachokuja na bado kinanigusa kikija. Ule wa nne, ambao ungeapa hauna mdundo, ulikuwa na mdundo chini kabisa, kwenye kidole gumba cha mpiga gitaa. Mteja akiniuliza bei ilimbidi aulize mara mbili.

Alhamisi, saa tisa hivi alasiri, wimbo wa kwanza ukawa unapita kwa mara isiyojulikana. Tobias akaimba, "Nimesahau nilikoshuka, nimesahau nilikopanda," gitaa likabaki peke yake, na stima zikapotea. Feni ya kinyozi wa ng'ambo ya barabara ikafa, soko likanyamaza. Katika ule ukimya nikasikia sauti yangu mwenyewe ikiendelea, na si yangu tu. Upande wa pili wa ukuta wa mabati Nduta naye alikuwa anaimba, akiwa ameinamia sukuma wiki zake:

*Sabini na mbili, ndugu, mlango wa kijani,*
*wewe gonga tu, hata kama hakuna mtu ndani.*

Akatoa kichwa. Tukaangaliana kama watu waliofumaniwa.

"Huo wimbo ni mzuri," akasema, na hakuwa anatania. "Ukianza kuuza niwekee moja."

Ndipo nilipoikumbuka kadi. Nikajituliza: La yangu ni moja tu. Mutie ni mtu mtulivu, Luul ana sikio, watasikiliza na wataandika Ndiyo, na Ndiyo moja inatosha kuiokoa masta. Nilijituliza hivyo kwa muda wa kutosha kukunja kitambaa, kisha nikatazama deki. Watasikiliza nini? Kaseti ya majaribio ilikuwa moja, na hiyo moja ilikuwa mdomoni mwa mashine yangu tangu Jumatatu.

Nilimwachia Nduta duka nikakimbilia kibanda cha simu. Foleni ilikuwa ya watu sita, na aliyekuwa ndani alikuwa akigombana na mumewe. Zamu yangu ilipofika nikapiga studio, ikalia hadi sarafu ikarudi. Nikapiga kwa Luul.

"Ile kaseti ya wazee wa reli," nikasema bila hata salamu. "Uliandika nini?"

"Kathini? Mimi niliandika La."

"Uliisikiliza wapi?"

"Sikusikiza. Kadi ilikuja peke yake. Nimeona jina yako, nimeona maneno ile ya kupumzika, nikacheka. Mutie pia aliandika hivyo hivyo. Wewe ukisema mbaya mimi nitasikiza nini?"

Nyuma yangu mtu aligonga kioo kwa ufunguo.

"Na lile neno lako si zuri, dada," Luul akaendelea, sauti ikashuka. "Kimeu ameniambia nikishaandika. Yule mdogo, Jackton, alizikwa mwezi wa pili, wakishamaliza kurekodi. Huyu mkubwa amemaliza kazi, anarudisha nyumba ya reli, Jumamosi anaenda kwao kabisa."

Nikaanza kurudi dukani. Kwa hiyo haitarekodiwa tena. Sauti ya yule mtu ilikuwa katika vitu viwili tu duniani, masta iliyoko studio na kaseti iliyoko kwangu, na masta nilikuwa nimeiua kwa maneno mawili ya kujichekesha. Bado Ijumaa, nilijiambia. Kwaya ni Ijumaa. Nitafika kabla yao.

Sikuwa nimefika mlangoni stima ziliporudi. Deki, ambayo sikuwa nimeizima, ikaamka kwa mngurumo. Sauti ya Jackton ikatoka nene, ikavutika, ikazama, kisha kikasikika kile kinachojulikana na kila mwenye duka la kaseti, mlio wa karatasi inayokunjwa. Mashine ilikuwa inaila tepu. Niliruka juu ya kaunta, mimi na miaka yangu arobaini na mguu wangu mbovu, nikang'oa plagi ukutani.

Nduta alinikuta nimekaa sakafuni.

"Imekufa?"

"Sijui. Sithubutu kuigusa."

Usiku ule sitausimulia. Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeifunga deki nzima kwa leso, na waya wake, nikaibeba kifuani. Niliposhuka Gikomba watu walinipisha wakidhani nimebeba mtoto mgonjwa. Studio ya Maingi ilikuwa Majengo, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Nilipanda ngazi nikimwomba Mungu kwa sauti, na mimi si mtu wa kuomba kwa sauti.

Kimeu alikuwa anakunywa chai.

"Masta ya Tobias," nikasema. "Usiiguse. Nimebadilisha. Andika Ndiyo."

Akaweka kikombe chini taratibu, na kwa jinsi alivyokiweka nikajua.

"Kwaya ilikuja jana, Mama Mutheu. Walisema Ijumaa wana kesha, wakaomba tusogeze. Kutoka saa nane tulikuwa tunarekodi."

"Yote?"

"Pande zote."

Kwa hiyo wakati mimi na Nduta tunaimba, wale wazee walikuwa tayari wanafutika. Nikaiweka deki mezani, nikaifungua leso. Ikanibidi nieleze mara mbili kabla hajaelewa kwamba kilichomo ndani ya sanduku lile ndicho pekee kilichobaki.

Kimeu alifunga dirisha ili upepo usiingie, akatafuta bisibisi ndogo, akaanza. Skrubu saba. Nilizihesabu zikigonga kisahani. Alipoinua kifuniko tuliona utepe wa kahawia umejizungusha kwenye kigurudumu cha mpira, umekunjamana na kubana. Akawa anaufungua kwa kidole na kijiti cha kiberiti, akipumua kwa pua tu. Kila alipokwama alisimama, na kila aliposimama mimi nilishika ukingo wa meza. Ilipita saa nzima. Mwishowe akanyanyua kaseti, na kutoka kwake ukaning'inia utepe uliojikunja, urefu wa mkono wangu kutoka bega hadi kiganja.

"Hiki kipande kimekufa," akasema. "Nitakikata, niunganishe. Ni kama sekunde kumi na mbili. Upande wa pili hapo ni kimya kati ya wimbo na wimbo, hatupotezi kitu. Upande huu..."

"Upande huu najua ni wapi," nikamwambia.

Alikuwa ameshaunganisha na anaipigia kwenye mashine nzuri ya studio, akiihamishia kwenye kaseti mpya, nikasikia hatua kwenye ngazi. Maingi alikuwa amemwambia Mzee Tobias apitie Ijumaa kuchukua jibu kabla ya safari. Mzee alikuwa mrefu, amevaa koti la kijivu lililopigwa pasi, na kesi ya gitaa mkononi. Alisimama mlangoni akasikiliza sauti yake mwenyewe. Hakusalimu mpaka wimbo ulipokwisha.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Kwa hivyo wameikubali?"

Kadi ilikuwa mezani, na mzee aliisoma kabla hatujaifikia. Alisoma kwa kuisogeza mbali na macho, kama wazee wanavyofanya, na midomo yake ilisogea. Ningeweza kunyamaza. Sahihi yangu haisomeki. Lakini nilikuwa nimechoka kuogopa.

"Ni mimi, mzee. Kathini wa Umoja. Nilisikiliza wimbo mmoja na kipande, nikaandika hayo. Wenzangu wakanifuata bila kusikia. Kwa sababu hiyo masta imefutwa. Sikujua habari ya ndugu yako, lakini hata bila kujua, lile halikuwa neno la kuandika. Naomba unisamehe."

Akairudisha kadi mezani, akainyoosha kona yake iliyokunjika.

"Wazee wakapumzike," akasema. "Basi mmoja amekutii."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana nililia. Yeye akaketi juu ya spika, akaweka kesi kati ya miguu, akamwambia Kimeu aanzishe tangu mwanzo. Tukasikiliza nyimbo zote, pande zote mbili. Hakutikisa kichwa wala mguu. Zilikuwa na mchakacho wa kuzungushwa siku nne, lakini zilikuwepo. Palipokatika, Tobias wa kwenye tepu aliimba kwamba amesahau alikoshuka na alikopanda, gitaa likaanza kutembea, kisha pap, akawa tayari anaimba ubeti mwingine.

Mzee akainua mkono. "Hapo yuko wapi?"

"Hapo ndipo mashine ilipoila, mzee," Kimeu akasema. "Tunaweza kujaza. Wewe piga gitaa, uimbe ile sehemu yake, niichomeke."

"Siijui." Tukamtazama. "Miaka ishirini na mitatu mimi ninaimba ya kwangu, yeye anaimba ya kwake. Hiyo sehemu alikuwa anabadilisha badilisha mpaka siku ya kurekodi. Tangu mwezi wa pili nimejaribu. Nikifika hapo nasikia gitaa tu." Akajipangusa uso kwa kiganja kizima. "Kuna kitu juu ya mlango."

"Mlango wa kijani," nikasema.

Akageuka.

"Sabini na mbili, ndugu, mlango wa kijani. Wewe gonga tu, hata kama hakuna mtu ndani."

Chini, mwenye magodoro alikuwa anamfokea hamali.

"Sema tena."

Nikasema tena. Akafungua kesi, akatoa gitaa, akakaza waya mmoja.

"Sasa imba."

"Mzee, mimi siimbi. Mimi nauza tu."

"Kimeu, washa kile kipaza sauti."

Kimeu akanisogeza mbele ya kipaza sauti akanivalisha vile vya masikioni, vizito, vyenye joto la watu wa kwaya. Maisha yangu yote nilikuwa nimekaa upande ule mwingine. Mzee akaanza kupiga, mwendo ule ule, kidole gumba kikigonga chini kabisa, akaimba mistari yake miwili huku akiniangalia. Gitaa likabaki peke yake. Nikafunga macho nikaimba, sauti ikatoka nyembamba na imepasuka, nikafika mwisho, nikafungua macho.

Alikuwa ameweka kiganja juu ya nyuzi.

"Sijaipenda," akasema. "Umewahi. Yeye alikuwa ananisubiri."

"Samahani, mzee. Nilikwambia mimi si..."

"Sijakufukuza," akasema, na vidole vyake vilikuwa vimesharudi kwenye nyuzi. "Rudia."